Kiganja cha Udongo wa Chaani

Mwanangu Mwende,

Umelala hatimaye. Nakusikia ukikoroma upande wa pili wa pazia, na kesho nikikwambia utakana kama kawaida yako. Sweta, dawa, pasipoti, namba za kupiga ukifika, hayo yote tumeshayasema na kuyarudia mpaka mdogo wako Baraka akachukua kiti chake akaenda kukaa nje. Hapa sitayagusa. Barua hii naiweka juu ya viatu vyako ili uisome kabla ya kutoka. Usiende nayo ukaisomee ndani ya ndege, kwa sababu kuna jambo nataka unifanyie ukiwa bado uko nyumbani.

Naandika kwa kuwa nikisema kwa mdomo utanikatiza. Unakatiza watu tangu ulipojifunza kusema. Mimi nikikatizwa nakasirika, wewe unacheka, na mwisho tunajikuta tunazungumza habari za bei ya nyanya.

Juzi ulinishika mkono pale jikoni ukanifanya nikuahidi. Ulisema, "Mama, huo moyo ukikusumbua hata kidogo, unanipigia, na mimi napanda ndege siku hiyo hiyo. Na kama ni mbaya zaidi, wasikuzike bila mimi. Niahidi." Nikasema nakuahidi. Nilisema kwa sababu ulikuwa unalia na maharagwe yalikuwa yanaungua. Mwende, ahadi ile nimeivunja kabla hujaondoka, na nataka ujue sababu.

Nianzie kwenye yale maandishi yako. Siku ulipoambiwa umepata nafasi na ufadhili, ulinikalisha hapa kitandani ukanisomea ulichowaandikia walimu wa huko, ukitafsiri huku unasoma. Mimi nilidhani mtu anayeomba kusomea shahada ya uzamili ya fedha huandika habari za benki na soko la hisa. Wewe uliandika habari za kamati yetu ya matanga. Uliwaeleza kwamba hapa Chaani kuna watu waliotoka bara, wanaofanya kazi bandarini na viwandani, na kwamba mmoja wao akifa wenzake hukutana jioni uani kwake, wakachanga, wakakodi basi, wakampeleka kwao akazikwe kwa heshima. Ukasema hiyo ni bima isiyo na karatasi. Ukasema unataka kusoma jinsi watu wasio na akiba wanavyogawana hatari. Halafu ukataja kwamba mwenyekiti wa kamati hiyo ni mama yako.

Ulipomaliza niliinuka nikaenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Nilikusikia ukimwambia Baraka kwamba mama ameona haya kusifiwa. Haikuwa haya. Nilikuwa namfikiria Mutinda, mtu aliyekufundisha hesabu zilizokufikisha hapo, ambaye hakuwemo mahali popote katika maandishi yako. Hukumtia kwa sababu hukujua. Aliyejua ni mimi.

Lakini kwanza baba yako. Wewe unamkumbuka kidogo, Baraka hamkumbuki kabisa. Alipokufa nilikuwa bado mgeni hapa pwani. Nilikuwa nashona kola za mashati pale kiwandani, sijui mochari iko wapi, sijui nianzie kwa nani. Mzee Kilonzo, jirani yetu wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa akiendesha forklifti ya kuinulia mizigo bandarini, alikuja na wenzake wa kamati. Wakanikalisha chini wakaniambia kazi yangu ni kulia, nyingine zote ni zao. Wakafanya kweli. Tulisafiri na baba yako usiku kucha, akina mama wakiimba mpaka sauti zikakauka, na sikununua hata chupa ya maji.

Kaburini Mzee Kilonzo alikushika mkono akakusogeza mbele, maana wewe ndiwe wa kwanza, na kwetu wa kwanza ndiye hutangulia kutia udongo. Ulikuwa darasa la kwanza, umevaa viatu vya shule. Ukasimama na udongo kiganjani hutaki kuuachia. Watu wakangoja. Kisha ukauliza, "Hautamwingia baba machoni?" Mzee Kilonzo akachuchumaa akakwambia, "Hapana, mama. Amefumba." Ndipo ukauachia.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kamati. Nilihisi nimefanyiwa jambo ambalo siwezi kulilipa ila kwa kuwafanyia wengine. Nilijua kuzungumza na watu wa mabasi, nilijua kuwabembeleza mabahili, na wakanipa uenyekiti. Nikawa mkali. Wewe unanijua nikiwa na cheo. Nilikuwa na kanuni zangu, na kubwa kuliko zote ilikuwa hii ya mtoto wa kwanza. Mwili haushuki kaburini mpaka wa kwanza atie udongo wake, hata awe wapi. Tuliwahi kuweka maiti mochari wiki nzima, tukingoja mtu atoke Garisa. Niliona hilo ni heshima.

Ukiwa shule ya bweni, Mzee Kilonzo akafa. Mkewe alikuwa ameshatangulia. Mtoto wake wa kwanza ni huyo Mutinda, na wakati ule Mutinda alikuwa ng'ambo, anasomea hiyo hiyo shahada unayoiendea wewe. Mtaa mzima ulikuwa unajivunia yule kijana. Mzee alikuwa akitembea na picha yake mfukoni, kijana amevaa koti zito, theluji imemfika magotini, na alikuwa akiwaonyesha hata makondakta.

Mimi ndimi niliyempigia simu. Nilimpa pole, nikamwambia tunamngoja. Akasema, "Mama, mitihani ya mwisho ni wiki ijayo. Na kibali changu cha kukaa huku kinaisha, nimeomba kingine, bado hawajanijibu. Nikitoka sasa hawataniruhusu kurudi. Naomba mumzike. Nitakuja kuona kaburi nikimaliza."

Nakumbuka nilivyomjibu kwa sababu nilijiona nimesema vizuri. Nilimwambia, "Baba yako yuko kwenye baridi, Mutinda, na wewe unaniambia habari za karatasi? Nani alikupeleka huko kama si yeye?" Watu waliokuwa wamekaa uani wakatikisa vichwa wakikubali. Nilikuwa nimeweka simu kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu, alikuwa amekuja kuhani. Nilipomaliza kuongea alinivuta kando. Akaniuliza, "Nyinyi mwamuweka maiti barafuni hata lini?" Nikamwambia mpaka mwanawe afike. Akasema, "Sisi hatungoji, mwanangu. Mume wangu alizikwa kabla ya alasiri na mwanangu wa kwanza yuko melini, hata hajui. Alo mbali huomba dua kuko huko aliko, na dua yafika, wallahi." Nikamshukuru kwa adabu, na moyoni nikasema huyu hajui mambo yetu. Bi Zuhura amenifundisha nusu ya Kiswahili ninachoandika hapa, na siku aliyotaka kunifundisha jambo kubwa kuliko maneno sikumsikiliza.

Mutinda alikuja. Alitia udongo wa kwanza. Ilikuwa maziko mazuri, na watu walinisifu kwamba kamati yetu ina nguvu mpaka ng'ambo. Kisha akaomba viza ya kurudi, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Chuo kikamwandikia barua, kikamwandikia nyingine, halafu kikanyamaza. Hakurudi kufanya ile mitihani hata leo.

Ulipomaliza chuo ukaanza kutafuta mtu wa kukusaidia hesabu za mtihani wa kuombea nafasi, watu walikuelekeza kwake, pale kwenye kibanda chake cha wakala wa pesa za simu karibu na stendi. Uliporudi siku ya kwanza ulikuwa umewaka. Ukaniambia, "Mama, yule Mutinda wa Mzee Kilonzo anajua kuliko walimu wangu wote, kwa nini anakaa kwenye kibanda?" Nikasema labda anapenda kujitegemea. Ukamuuliza mwenyewe, na alikujibu kwamba nyumbani kulimhitaji. Ukarudi ukaniambia jibu hilo kama kitu kizuri.

Je, uliwahi kujiuliza kwa nini mimi hutoa pesa kwa yule wakala wa juu kilimani, na huyu wa stendi yuko karibu? Ulinigombeza daktari aliposema moyo umepanuka, ukasema mama anajipandisha kilima bure. Sasa unajua.

Wiki hii nilikwenda kwake. Nilingoja wateja wapungue. Akaniona akasema, "Karibu, mama. Kutoa au kuweka?" Nikasema si kutoa wala kuweka, nimekuja kumwomba msamaha. Akaendelea kupanga kadi za muda wa maongezi, akazipanga upya, akampa chenji mama mmoja aliyetaka kuhesabu mara mbili. Kisha akanisogezea kiti.

Akasema, "Wewe hukunifunga kamba, mama. Nilikuja kwa miguu yangu." Nikasema lakini nilimvuta kwa mdomo mbele za watu. Akasema, "Ndiyo. Ulinivuta."

Tukakaa. Kisha akaniambia jambo ambalo anasema hajamwambia mtu. "Njia nzima kwenye ndege nililia. Yule mama wa kuhudumia abiria alinipa pole, jirani yangu wa kiti akanipa pole. Hawakujua kwamba sikuwa namlilia baba. Nilikuwa naulilia mtihani. Na nilipotia ule udongo nilikuwa nimemkasirikia, Mungu anisamehe, nilimwona amechagua wiki mbaya ya kufa. Shule nimeshaisahau, mama. Ile hasira ndiyo sijaweza kuisahau. Baba alinipenda, na mimi nilimzika na hasira."

Nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Siku nyingine nimekusamehe kabisa. Siku nyingine nikikuona unapita ng'ambo ya barabara kwenda kwa yule mwingine, nageuza uso. Bado najaribu." Nikamshukuru kwa kusema kweli. Nikamuuliza kama naweza kukuambia wewe. Akasema, "Mwambie. Mimi nilishindwa, niliogopa asije akaacha kwenda."

Mwende, nimeshona kola za mashati maisha yangu yote, na kola ikikosewa unaifumua ukaanza tena. Nimeshindwa kuona pa kufumulia hili. Nilidhani nikienda kuomba msamaha nitarudi nimepata nafuu. Nilirudi nimechoka tu, nikalala na viatu.

Sikuandikii haya ili uichukie kamati. Yote uliyoyaandika juu yetu ni kweli. Nisingeweza kumzika baba yako bila watu wale, na nyinyi wawili msingekula ile miezi iliyofuata. Ila ulisema kazi yetu ni kugawana hatari, na kwa Mzee Kilonzo hatukugawana kitu. Tulimbebesha mzigo wote mtu mmoja, kijana aliyekuwa mbali asiyeweza kujitetea, kisha sisi wengine tukala pilau na kurudi makwetu. Ukifika huko ukaanza kuandika kwa kirefu, sitakuelekeza, hesabu zenu sizijui. Lakini usimwache Mutinda nje. Mwombe ruhusa umtie, na mimi ukinitia, nitie kama nilivyokuwa.

Jumapili nilizungumza na kamati baada ya ibada. Niliwaambia kwamba nikifa, sitaki kukaa mochari kumngoja mtu yeyote. Nipelekwe nyumbani nilale kando ya baba Mwende, na Mwende asipigiwe simu na mtu wa kamati kabla ya mimi kuwa chini. Baraka ndiye atakayemwambia, kwa wakati wake na kwa sauti yake. Mzee Mbithi, ambaye anajua kanuni zangu kuliko mimi mwenyewe, akasimama. "Mwenyekiti, na wa kwanza je? Nani atatangulia kutia udongo?"

Nikasema udongo wa Mwende utakuwepo.

"Utakuwepo vipi na yeye yuko ng'ambo?"

"Hilo niachie mimi, Mzee."

Wakatazamana kama watu waliomsikia mgonjwa akiweweseka. Mama mmoja akasema mtu hazikwi haraka hivyo kana kwamba hana watoto. Nikamwambia nina watoto wawili, na mmoja yuko shuleni. Nikaacha uenyekiti pale pale, na hakuna aliyenibembeleza nibaki, jambo ambalo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Sasa nisikilize, na hapa usinikatize. Usidhani sitaki uje. Naogopa, mwanangu. Naogopa kufa bila kuona uso wako. Daktari alisema naweza kwenda na moyo huu miaka, na naweza nisiende, na tangu siku ile nikisikia ndege inashuka kuelekea hapo uwanjani huwa nafikiria siku utakayokuwa ndani ya moja, na sijui unakuja kwa furaha au kwa msiba. Ndiyo maana naandika leo nikiwa na akili zangu. Nikizidiwa, huenda nikakuita. Mtu akiwa na hofu husema lolote, na mimi si jasiri kama unavyofikiri. Nikikuita katikati ya mitihani yako, au karatasi zako zikiwa bado hazijakaa sawa, usije. Ongea nami kwenye simu. Niimbie kama hujasahau nyimbo. Niambie uko njiani hata kama hupo. Nitakuamini, na hutakuwa umenikosea. Huu niuandikao sasa ndio uamuzi wangu, si ule nitakaoulilia nikiwa kitandani.

Ukiwa likizoni na njia yako ya kurudi iko wazi, hiyo ni habari nyingine. Njoo, na Bi Zuhura atatupikia wali wa nazi, na nitakuonyesha kwa watu mtaani mpaka uchoke.

Yeye nilimweleza yote haya jana, tukiwa tumekaa barazani kwake. Hakuniambia kwamba alishanionya. Alijifuta macho kwa ncha ya leso yake, akasema, "Nenda umpe mwanao radhi aende nayo." Basi radhi zangu unazo, Mwende. Unazo hata ukinipata, hata ukinikosa.

Limebaki lile jambo nililosema unifanyie.

Juu ya meza, kando ya chai yako, utakuta kopo langu la vifungo. Vifungo nimevihamishia kwenye soksi ya Baraka iliyopoteza mwenzake, na kopo nimelisafisha na kulikausha. Lichukue utoke nalo nje. Pale kando ya mlango kuna lile debe la rangi lenye mrehani aliotupa Bi Zuhura, ule ulioumwagilia maji tangu uko sekondari. Chimbua pembeni ili usiumize mizizi. Jaza kiganja kimoja cha udongo, utie ndani ya kopo, ulifunike. Ni hayo tu. Baraka ameshajua kazi yake. Siku ikifika atalibeba mpaka nyumbani, na kabla mtu mwingine hajainama atalimimina, na Mzee Mbithi hatakuwa na la kusema, kwa kuwa wa kwanza atakuwa ametangulia.

Nataka uutie kesho kwa sababu kesho hunikasirikii. Labda kwa urefu wa barua hii, lakini hiyo itakupita ukifika kwenye mlango wa ndege. Huna mtihani kesho, hakuna anayekuvuta, hakuna watu wanaokutazama kuona kama unalia vya kutosha. Mutinda hakupata hilo, na mimi ndimi niliyemnyima. Wewe sitakunyima.

Huenda kopo likakaa pale rafuni mpaka likashika kutu, ukarudi na shahada yako ukaurudisha udongo kwenye debe kwa mkono wako mwenyewe, ukanicheka mbele ya wajukuu. Hilo ndilo naliomba kwa Mungu kila nikipiga magoti, nikikosa pumzi na nisipokosa.

Kuna utulivu sasa, hata mbwa wa majirani wamelala. Nimesimama mara mbili kuja kukufunika, na mara zote mbili shuka ulikuwa nayo. Nakupenda kuliko nilivyowahi kukwambia, na nilipaswa kukwambia mapema, badala ya kukugombeza juu ya sufuria.

Kesho utakapochuchumaa pale kwenye debe, ukiwa na udongo mkononi, na ukajikuta unataka kuuliza lile swali lako la utotoni, usiulize. Hautaniingia machoni. Nitakuwa nimesimama mlangoni, macho wazi, nakutazama.

Mama yako